Ripoti Mbili za Somo la Saba

Mkurugenzi wetu aliponiuliza kama najua maana ya ufikivu, nilisema najua. Sikujua. Nilikuwa na mwezi mmoja tu kazini, kazi yangu ya kwanza tangu nihitimu, na nilikuwa nimejiaminisha kwamba swali lolote nitakalouliza litamfanya ajiulize kwa nini aliniajiri.

"Vizuri," akasema. "Basi nitafutie mtu wa kuyakagua masomo yetu. Ripoti yake nataka kuiona kabla shule hazijafunguliwa. Na awe mtu wa nje. Usiniletee binamu yako."

Aliyasema hayo akicheka. Yeye ni mtu wa Kitui, na mzaha wake mkubwa ulikuwa kwamba Garissa nzima ni binamu zetu. Nikacheka pia, nikaitikia, "Sawa, inshallah," nikarudi mezani kwangu nikitokwa na jasho ingawa feni ilikuwa inazunguka.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la magodoro. Tulitengeneza masomo ya jiografia ya sekondari ya kusomwa kwenye kompyuta, na yalikuwa masomo huria: mtu yeyote aliruhusiwa kuyachukua bure, kuyanakili, kuyabadilisha na kumpa mwenzake. Maneno hayo yalikuwa chini ya kila ukurasa, na mimi ndiye niliyeyabandika, ukurasa baada ya ukurasa, hadi yakanikaa kichwani. Wafadhili walikuwa tayari kutuma laptopu zenye masomo hayo kwenye shule kadhaa za kaskazini mashariki, tangu Hulugho hadi Tarbaj, lakini walikuwa na sharti. Tuchague somo moja la mfano, likaguliwe, na ithibitishwe kwamba mwanafunzi asiyeona, au asiyesikia, au asiyeweza kutumia mikono yake vizuri, anaweza kulisoma kama wenzake; huo ndio ufikivu. Bila ripoti hiyo, hakuna laptopu muhula ule.

Barua pepe ya sharti hilo niliisoma mara nne. Mara ya nne ndipo nilipoelewa kwamba inamzungumzia msichana ninayelala naye chumba kimoja.

Ni binti wa habaryar, mdogo wake mama yangu. Macho yake yalianza kufifia akiwa darasa la saba kwao Hadado, na alipofika kidato cha kwanza hakuwa akiona tena ila mwanga wa dirisha. Aliletwa kwetu mjini ili asome shule ya kutwa. Wenzake walimsomea vitabu wakati wa mapumziko, naye akafika hivyo hivyo hadi kidato cha tatu, kwa masikio yake na macho ya kuazima. Lakini muhula wa pili ulipofungwa, mwalimu mkuu alimwita mama yangu akamwambia waziwazi kwamba mambo hayawezi kuendelea vile. Wenzake wana mitihani yao, hawana tena muda wa kumsomea. Kama laptopu zinazosemwa zitakuja na zikamfaa, atabaki. Zisipomfaa, ataandikiwa barua ya uhamisho kwenda shule maalumu, mbali, upande wa milimani. Na baba yake alikuwa ameshapiga simu kutoka Hadado: mbali hivyo hapana. Ikiwa ni barua, arudi nyumbani.

Basi nilijua tangu mwanzo nini kilikuwa hatarini. Nilichokuwa sijui ni kila kitu kingine.

Mtu angeuliza kwa nini sikumwendea yeye kwanza. Nilijiuliza pia, nikajijibu kwa sababu nyingi mno. Ni binamu, na mkurugenzi alikuwa amekataza binamu, ingawa kwa kicheko. Je, katazo la kicheko ni katazo? Halafu, nikimpa somo akalishindwa, nitakuwa nimemtia hofu. Akiliweza, watu watasema amenipendelea. Halafu kulikuwa na aibu yangu ya chuo. Kwetu mtu huitwa kwa alama yake bila kuzunguka. Mtaani walikuwa wamempa jina lenye maana ya asiyeona, na yeye aliliitika kama jina jingine lolote. Mimi ndiye niliyerudi kutoka chuoni na maneno marefu.

"Wewe kama mtu mwenye changamoto ya kuona..." nilimwambia siku moja.

"Abaayo," akanikatiza, na neno hilo, dada, alilitumia kwangu alipotaka kunicheka, "sema tu kipofu. Ukizungukazunguka hivyo utatumbukia shimoni kabla yangu."

Nilianza na kampuni moja ya Nairobi niliyoipata kwenye mtandao. Kijana aliyepokea simu hakunipa nafasi ya kumaliza salamu.

"Sista, hiyo ni kazi ndogo. Tunarusha kwa mashine, jioni uko na ripoti."

"Je, kuna mtu asiyeona ambaye atalipitia?"

"Wa nini? Mashine haina macho na inaona kila kitu. Relax, sista."

Jioni ripoti ilifika kweli. Ilikuwa ya kijani kuanzia juu hadi chini, kila mstari na alama ya vema. Nilifurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikafungua somo lenyewe, somo la saba, linalohusu ufugaji wa kuhamahama, nikatazama picha ya kwanza. Kila picha hufichiwa maelezo nyuma yake, ambayo programu humsomea kwa sauti mtu asiyeiona. Maelezo ya picha ile yalikuwa neno moja: "picha1". Mashine ilikuta kuna neno, ikaridhika. Ukurasa mzima wa kijani ukaanza kunitia wasiwasi. Kama hapo imeridhika, kwingine je?

Nikatafuta tena. Mtu mmoja alinitumia maswali arobaini ambayo nusu yake sikuyaelewa, nami nikaogopa kumuuliza. Mwingine aliniambia mashine hazifai kabisa, na mwingine akaniambia bila mashine hakuna ukaguzi. Nilikuwa na daftari lenye kurasa mbili zinazotazamana, kulia waliosema hivi, kushoto waliosema vile, na kadiri nilivyoandika ndivyo nilivyozidi kutojua ninatafuta nini. Mwishowe nikampata mhadhiri mmoja, mama mwenye sauti ya uchovu, ambaye alisema ratiba yake imejaa hadi mwaka ujao.

"Lakini niambie," akasema, "hapo Garissa hakuna wasioona wanaotumia simu?"

"Wapo, mama."

"Basi mbona unawapigia watu wa Nairobi? Waite watatu wanaotumia programu ya kusoma kwa sauti. Wape somo, kisha waulize."

Sikumuuliza niwaulize nini. Niliona lingekuwa swali la kipumbavu.

Aliyenisaidia kuwapata ni mama yangu, ambaye hajui kompyuta lakini anajua kila madrasa mjini. Alimjua maalim mmoja asiyeona, mtu mzima, aliyefundisha dini katika shule ya sekondari, na maalim akawaleta vijana wawili waliokuwa wanafunzi wake zamani, wasioona kama yeye. Mmoja aliuza simu sokoni. Mwingine alikuwa mkimbizi aliyemalizia sekondari yake Dadaab, katika kambi. Wote watatu walitumia simu zinazosema. Wote watatu walikuwa mahafidh: Kurani yote ilikuwa vifuani mwao, tangu utotoni, kwa kusikia.

Walikuja Jumamosi asubuhi. Viti vyetu hawakuvitaka, waliketi mkekani duara, kama duksini, chuo cha Kurani, wanapopokezana aya. Mama alikuwa ametuma sambusa na chai ya maziwa kwenye chupa, nami niliwakaribisha mpaka nikaishiwa na maneno. Kisha nikaweka laptopu katikati, nikabonyeza, na sauti ya programu ikaanza kulisoma somo la saba kwa Kiingereza cha haraka.

"Huyu mzungu anafukuzwa na nani?" akauliza muuza simu.

"Kimya," maalim akamwambia. "Sikiliza."

Wakasikiliza. Walitikisika kidogo, mbele na nyuma. Somo lilisomwa kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na hakuna aliyegusa kitufe hata kimoja. Jambo hilo lilinifurahisha; niliandika katika daftari langu, "Hawakuhitaji msaada." Kisha nikatoa fomu yangu. Nilikuwa nimetunga maswali kumi juu ya yaliyomo kwenye somo, nikawauliza mmoja mmoja, nikiwa na kalamu mkononi. Waliyajibu yote. Sikupata kosa hata moja.

"Umeridhika?" maalim akaniuliza.

"Nimeridhika sana, maalim."

"Alhamdulillahi. Tulikuwa na hofu."

Nilidhani ni adabu tu. Siku ile ile niliandika ripoti: somo limepita. Jumatatu nikampa mkurugenzi, naye akasema ataituma Alhamisi kwa wafadhili. Nyumbani nilimwekea binamu yangu somo hilo kwenye laptopu yangu ya zamani, kama zawadi, ili akifungua shule awe ametangulia. Nikamwambia watu watatu wameshalisoma na hakuna aliyepata shida. Nilidhani ninamtia moyo.

Jumanne baada ya sala ya alasiri nilikuwa uani nikianua nguo. Dirisha la chumba chetu lilikuwa wazi, na kupitia hapo nilisikia sauti ya programu ikisema, "Karibu katika somo la saba." Nikatabasamu. Nilikunja mashuka mawili. "Karibu katika somo la saba," ikasema tena. Nilipofika kwenye mito ilikuwa imekaribisha mara ya nne.

Niliingia ndani. Alikuwa amekaa kitandani, laptopu mapajani, kidole chake kikiwa kimesimama juu ya kitufe bila kukibonyeza.

"Umeupenda huo mwanzo," nilisema.

"Siupendi. Ndiko ninakorudishwa."

"Unarudishwaje?"

"Swali la tano linasema nitazame jedwali la pili. Nikitaka kurudi kwenye jedwali, inanipeleka juu kabisa. Kisha nasubiri inisomee yote tena. Nikifika kwenye jedwali lenyewe, inasema, kidogo, hafifu, kisimani, kisimani, nyingi, tele, nyikani, nyumbani. Nani yuko nyikani, abaayo? Nini ni tele?"

Nilikaa kando yake.

"Lakini usijali," akasema, akaifunga laptopu polepole kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. "Wale mahafidh waliliweza, si ndiyo? Basi somo ni zima. Ni mimi."

Hakuwa akilia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alianza kuniuliza kama siku hizi kuna basi la moja kwa moja la kwenda Hadado au mtu hubadilisha Wajir.

Nilitoka, nikachukua bodaboda hadi kwa maalim. Njiani nilijigawa mara mbili. Nusu yangu ilisema mahafidh watatu hawawezi kukosea, kwa hiyo kweli tatizo ni yeye, alichelewa kupofuka, hajazoea. Nusu nyingine ilisema "picha1". Nilimkuta maalim barazani kwake, na kwa kuwa sikujua nianzie wapi nilianzia katikati.

"Maalim, lile jedwali la majira manne, ulilielewaje? Lile lenye mvua, malisho, walipo ngamia na walipo mbuzi."

"Ah, lile." Akainua uso kidogo, kisha akalitamka lote kama lilivyosomwa siku tatu nyuma, maneno kumi na sita mfululizo, kidogo, hafifu, kisimani, kisimani, hadi mwisho, bila kusita. "Mashine haikusema lipi ni la nini. Lakini nilihesabu. Kabla yake ilikuwa imetaja vichwa vinne, basi la kwanza, la tano, la tisa na la kumi na tatu ni mvua. Mengine ukiyapanga yanajipanga."

"Uliyapanga kichwani?"

"Nilikuwa na mahali pengine pa kuyapanga?"

"Na kurudi nyuma je? Hukutaka kurudi?"

"Anayerudi nyuma ni aliyesahau," akasema, akacheka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu alisikia kwamba mimi sikucheka. "Kwani kuna nini, binti yangu?"

Nikamweleza, vibaya, huku nikirudia mambo.

"Wallahi, ungeniuliza kama somo lile ni rahisi, ningekwambia limepangwa na mtu mwenye chuki. Lakini hukuuliza hivyo. Ulituketisha, ukatusomea, ukatoa karatasi na kutuuliza maswali kumi. Sisi tulijua ni sisi tunaopimwa. Yule kijana wa Dadaab, maisha yake yote amekuwa akiulizwa maswali na watu wenye karatasi. Alinong'ona tukiwa ngazini, tujibu vizuri, huenda ni nafasi ya masomo. Na chai ulitupa, na sambusa. Mgeni anayekula kwako atakwambia chumvi imezidi?"

Nilikuwa nimeandaa mtihani kwa watu wenye kumbukumbu bora katika mji wote, wakaufaulu, nami nikaandika kwamba somo ndilo lililofaulu.

"Maalim," nikauliza hatimaye, "ningewaambia nini?"

Akafikiri. "Duksini mwanafunzi anaposoma, mimi nafanya nini?"

"Unamsikiliza."

"Namsikiliza nikimvizia. Akiteleza kidogo tu, namsimamisha. Basi mpe huyo mzungu wako awe mwanafunzi. Sisi tuwe walimu."

Jumatano walirudi wote watatu, na safari hii sikutoa fomu wala chai. Niliwaambia mashine ndiyo inayosoma ubao wake leo, kama mwanafunzi wa duksi, na wao wasimwonee huruma. Sikuwahi kuona watu waliobadilika vile. Mstari wa pili tu muuza simu alikuwa ameshapiga mkeka kwa kiganja.

"Simama! Hicho ni kichwa cha habari au ni sentensi? Mbona havitofautiani?"

"Andika," maalim akaniambia.

"Simama! Nataka kuruka niende maswalini. Njia iko wapi? Hakuna njia!"

"Andika."

Tulipofika kwenye picha nilikuwa nimeshafuta "picha1" na kuandika maelezo yangu mwenyewe, na nilijivunia kidogo. Sauti ikasoma: ngamia amebeba mizigo.

"Mizigo gani?" akauliza kijana wa Dadaab, ambaye hakuwa amesema neno tangu afike.

"Mizigo tu."

"Dada, wewe unaona au huoni? Ya kupeleka sokoni, au ni nyumba?"

Nikatazama. Juu ya ngamia kulikuwa na fito zilizopinda na mikeka iliyokunjwa, nyumba nzima ikiwa mgongoni. Nilikuwa nimeiona picha ile mara mia.

"Ni nyumba," nilisema.

"Basi wanahama! Na swali la tatu linauliza picha inaonyesha nini kuhusu maisha yao. Mwenye macho kashajibiwa na picha. Mimi ningeandika wanakwenda kuuza sukari."

Wakacheka mpaka maalim akashika ubavu. Mimi niliandika. Kasoro za somo lile moja zilijaza kurasa sita za daftari.

Jioni ile nikampelekea mkurugenzi ripoti ya pili. Aliziweka mbili mezani sambamba, akazisoma, akavua miwani.

"Hii inasema limepita."

"Ndiyo, bwana."

"Na hii inasema limeanguka. Somo hilo hilo. Watu hao hao. Mwandishi ni wewe na wewe."

"Ndiyo, bwana."

Nilitarajia kelele, lakini alinisemesha kama mtu anayesoma ramani. Akituma ya kwanza, laptopu zinakuja, shule kumi na moja zinapata masomo, na kasoro zitarekebishwa mwaka ujao. Akituma ya pili, hakuna laptopu muhula huu. "Sikwambii uongo," akasema, "na sikwambii ukweli. Nakuuliza. Kesho saa nne uniambie nitume ipi."

Hadi leo sijui kama huo ulikuwa wema au ukatili. Nilirudi nyumbani nikiwa na akili kama uzi uliochezewa na paka. Ripoti ya kweli ingemfukuza binamu yangu shuleni. Ya uongo ingembakiza, lakini mbele ya somo asiloweza kulisoma. Na wanafunzi wa Hulugho wenye macho yao mazima, wana kosa gani? Nilipiga hesabu hiyo kwa kila upande na kila upande ulikuwa na mtu anayeumia. Mwishowe, kwa kuwa nilikuwa nimeshachoka kufikiri, na si kwa ujasiri, nikamwambia yeye yote. Tulikuwa jikoni, yeye akichambua mchele kwa vidole, kazi ambayo anaifanya vizuri kuliko sisi tunaoona.

"Ya kwanza ikienda," akasema, "laptopu zinakuja."

"Zinakuja."

"Nami nitakaa mbele yake darasani, nirudishwe mwanzoni mbele ya watu wote. Na mwalimu mkuu ana karatasi inayosema somo limepita. Basi nani ameanguka?"

Nikaweka maji ya mchele motoni.

"Na ya pili ikienda?"

"Hakuna laptopu. Na barua inaandikwa."

Akatupa kijiwe kidogo nje ya mlango. "Wewe laptopu unayo. Somo unalo. Kasoro unazo, kurasa sita. Mbona usizirekebishe mwenyewe?"

"Siwezi. Masomo ni ya shirika, wafadhili lazima kwanza..."

"Naa, wewe! Si ulituchosha hapa mwezi mzima na yale maneno yako? Mtu yeyote achukue, mtu yeyote abadilishe, ampe mwenzake. Ulikuwa ukiyasema hata ukivua viatu. Huyo mtu yeyote ni nani? Anaishi Nairobi?"

Naandika hili kwa aibu. Nilikuwa nimeyabandika maneno yale kwenye kurasa zaidi ya mia tatu, na haikunijia hata mara moja kwamba yananihusu mimi. Hata baada ya yeye kuyasema nilikwenda kuyasoma tena, mara tatu, nikitafuta mahali yanaponikataza.

Alhamisi saa nne nilimwambia mkurugenzi atume ya pili. Akaitikia kwa kichwa, akaituma mbele yangu. Halafu kwa siku tatu mimi na binamu yangu, na maalim kwa simu, tulilivunja somo la saba na kulijenga upya. Niliweka vichwa vya habari ambavyo mtu anaweza kuruka kutoka kimoja hadi kingine. Nilipanga jedwali ili kila neno lisomwe pamoja na kichwa chake: mvua, kidogo, ngamia, kisimani. Ngamia wa pichani akabebeshwa nyumba yake. Kila niliporekebisha kitu, yeye alikisikiliza na kunirudisha, na ndipo nilipomwelewa mtu anayerudishwa.

Jumatatu ya kufungua shule tulikwenda wawili ofisini kwa mwalimu mkuu. Ni mama wa makamo, mzaliwa wa Tarbaj, asiyepoteza maneno. Barua ilikuwa mezani, imeshachapwa, haijapigwa muhuri.

"Nimesikia laptopu haziji," akasema.

"Haziji, Mwalimu," nilisema. "Lakini..."

Binamu yangu alikuwa ameshaifungua laptopu yangu kuukuu juu ya meza yake bila ruhusa.

"Niulize," alimwambia.

Mwalimu mkuu akanitazama, kisha akaivuta nakala ya somo kwenye karatasi niliyomletea. "Wakati wa kiangazi kirefu, mbuzi wako wapi?"

"Kisimani."

"Hilo ungelijua hata bila kompyuta. Wewe ni mtu wa Hadado." Akafunua karatasi. "Sehemu ya nne inaanza na maneno gani?"

Vidole vya binamu yangu vikabonyeza, kimoja, viwili, vitatu, vinne. Sauti ikasoma. Akayarudia maneno kwa Kiingereza chake.

"Rudi ya pili. Sentensi ya mwisho."

Akarudi. Akaisoma.

"Jedwali. Mvua za vuli, malisho."

Akaenda. "Ya wastani."

Mwalimu mkuu aliuliza mengine, akirukaruka kwa makusudi, mbele na nyuma, na mara moja binamu yangu alipotea, akatukana kwa sauti ndogo, akajipata. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika mkoba kwa mikono miwili. Hatimaye karatasi ikawekwa chini.

"Hili ni somo moja," mwalimu mkuu akasema. "Silabasi ya jiografia pekee ina mangapi?"

"Kila wiki tutaleta moja," binamu yangu akajibu, kwa niaba yangu, bila kuniuliza. "Dada yangu atalitengeneza kabla darasa halijalifikia."

"Na asipolileta?"

"Nitakuja mwenyewe kuichukua hiyo barua."

Mwalimu mkuu aliichukua barua, nikadhani ataichana. Hakuichana. Alivuta droo, akailaza ndani, akaisukuma. "Hadi katikati ya muhula," akasema. "Nenda darasani."

Tulitoka nje kwenye jua. Kichwa changu kilikuwa kimejaa: masomo kumi na mawili yaliyobaki, kazi yangu ambayo sikujua kama bado ninayo, shule kumi za mbali ambazo asubuhi ile zilifunguliwa bila laptopu kwa sababu ya karatasi yangu, na wanafunzi huko wasiojua hata kwamba nipo. Nilimuuliza kama alichofanya ndani kilikuwa ushindi, au tumesogeza tu siku mbele.

"Sijui," akasema. "Niambie tu, kidato cha tatu wako wapi muhula huu, jengo lile lile au la nyuma?"

Nikatazama. Wasichana wa rika lake walikuwa wakiingia jengo la nyuma.

"La nyuma. Mlango wa pili."

Akanipa laptopu nikaweke somo linalofuata, akaurekebisha mtandio wake, akaupata ukuta kwa mkono wa kushoto na kuufuata. Kwenye mlango wa pili mtu alimwita kwa lile jina la mtaani, naye akaitika, akaingia.